Jina la Mtoto wa Bi Kezia

Hapo zamani, zamani ambayo mama zenu bado wanaikumbuka, palikuwa na arusi katika kijiji cha Nyaruboza. Watoto walipakuliwa kwanza, ugali wa muhogo kwa dagaa. Kabla watu wazima hawajanawa mikono, watoto kumi na mmoja wakaanguka, povu mdomoni, pumzi zikiwakatika.

Wakakimbizwa hospitali. Daktari akawatazama, akashika kichwa.

"Ni sumu ya muhogo mchungu, au ni dawa ya wadudu," alisema. "Kila moja ina sindano yake. Nikikosea sindano, nawaua kwa mkono wangu. Nileteeni walichokula!"

Chakula kilikuwa kimeshafukiwa asije mwingine akala, kikachanganyika na udongo. Mpishi, Zerida, alikuwa amefungwa kamba, watu wakimwita muuaji. Saa nzima alinyamaza. Aliposikia watoto wanazidiwa, akasema, "Nifungueni pindo la khanga. Mlipokuwa mnafukia chakula nilificha tonge moja. Kapimeni. Likiwa na sumu najua mtanifanya nini, lakini kapimeni."

Jirani na hospitali palikuwa na kituo cha utafiti wa muhogo, na tonge likakimbiziwa huko. Mtafiti wake, Nyabenda, alikuwa na mrija mrefu wa kioo uliojazwa unga mweupe laini. Ukimimina mchanganyiko juu, kila kitu kilichomo hushuka kwa mwendo wake, kingine upesi, kingine polepole, vikatoka chini kimoja kimoja. Siku ile ndani ya mrija mlikuwa na kazi yake ya miezi minane. Zilibaki siku mbili amalize.

Aliliona lile tonge, akaambiwa habari za watoto. Akamwaga kazi yote.

Akausuuza mrija mara moja, mbio mbio, akapitisha maji aliyolowekea tonge. Matone yaliyotoka akayadondoshea kwenye karatasi, akanyunyiza dawa ya kuonyesha rangi. Yakatokea madoa mawili. Moja kubwa la kahawia, ndiyo sumu ya muhogo. La pili dogo, la zambarau, ndiyo dawa ya wadudu.

"Muhogo!" Nyabenda akasema. "Hili dogo ni uchafu tu. Mkimbilieni daktari achome!"

Msaidizi wake wa maabara, Kamana, mtu wa makamo, akasimama mlangoni.

"Mama, kabla ya tonge mrija huu ulikuwa na nini?"

"Muhogo mchungu. Unajua."

"Basi tupitishe maji yale yale, bila tonge. Doa la kahawia likitokea tena, ni la mrija, si la ugali."

"Kamana, watoto wanakufa!"

"Ndiyo maana."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika arobaini."

Nyabenda akamsukuma apite. Kamana akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Akapitisha maji matupu, tone baada ya tone. 

Katikati ya kungoja, mlango ukagongwa kwa nguvu. "Mmoja amekata roho! Mtoto wa Bi Tamari! Mnafanya nini humo?"

Kamana akadondosha tone jingine. Hakufungua.

Muda ulipotimia, akanyunyiza dawa. Doa la kahawia likajitokeza, kubwa vile vile. La zambarau halikuonekana kabisa.

"Ni dawa ya wadudu," Nyabenda akasema. Kamana akafungua mlango, na Nyabenda akakimbia mwenyewe hadi wodini. Daktari akachoma sindano. Watoto kumi wakapona. Baadaye ikajulikana kwamba gunia la unga lilikuwa limebebewa dawa ya wadudu wa pamba huko dukani. Zerida akafunguliwa kamba.

Mwezi uliofuata Bi Kezia, mama wa mmoja wa wale kumi, akajifungua binti. Akasema, "Huyu nitampa jina la aliyemwokoa kaka yake." Akawaita wote watatu, mpishi, mtafiti na msaidizi wake, mbele ya wageni.

Zerida akasema, "Bila tonge langu mngepima nini? Nililitoa shingo yangu ikiwa kambani."

"Ulikaa nalo saa nzima," akajibiwa na mama mkwe wa Kezia.

Nyabenda akasema, "Mimi nilimwaga miezi minane bila kufikiri mara mbili. Na lile doa la zambarau, nani alilitenga hata likaonekana?"

"Ni mrija wako huo huo uliodanganya," Kamana akamwambia. "Ningekuacha upite, sindano ingewaua wote kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyeizuia."

Hapo Bi Tamari, aliyekaa nyuma kabisa, akasimama.

"Na wangu, Kamana? Alikufa ufunguo ukiwa mfukoni mwako."

Kamana akainamisha kichwa.  Bi Kezia akawatazama wale watatu mmoja mmoja, mtoto mapajani.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Mtoto analia, na jina bado hana. Je, Bi Kezia ampe la nani?