Mtungi wa Seline

Wako watu ambao ukilia mbele yao watakuuliza machozi hayo yameletwa na nini, na yanatarajiwa kukauka saa ngapi. Bongo zao zinakata kama wembe; lakini wembe, kama ujuavyo, haubembelezi mtoto. Ni kwa ajili yao wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa: mtu akizidi kutegemea hoja, hushindwa na jambo ambalo hata mjinga angelimaliza kwa neno moja.

Mtu wa aina hiyo alikuwa Byron Odongo, mpima ardhi wa mjini Kisumu. Muulize Oketch, fundi viatu wa mtaa wa Manyatta, aliyekuwa mshenga wake alipomwoa Seline. Kazi ya mshenga haina kustaafu. Ndoa ikishika moto, yeye ndiye huitwa aje na ndoo ya maji. Ndiyo maana Jumamosi hiyo Oketch alikuwa amefunga kibanda chake, wateja wakimlaani, akamsindikiza Byron hadi Katito kwa wakwe. Seline alikuwa amerudi kwao wiki tatu zilizopita.

Kisa chenyewe kilikuwa mtungi. Seline aliurithi kwa marehemu mama yake, mtungi wa udongo uliokaa pembeni mwa jikoni ukiwa na ufa kutoka shingoni hadi kitakoni. Siku moja, Seline akiwa sokoni, Byron aliwapa wazoa taka mtungi ule, akanunua ndoo ya plastiki yenye bomba. Seline alilia mpaka sauti ikamkauka. Byron akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba chombo kisichoshika maji si chombo. Kulipokucha, Seline akafunga virago.

"Omera, ndugu yangu, nisikilize," Oketch alisema walipokaribia boma la wakwe. "Ukifika, sema neno moja tu: pole. Kisha funga mdomo. Utaweza?"

"Pole husemwa na aliyekosa. Mimi nimekosa wapi?"

"Sijakuuliza umekosa wapi! Nimekuuliza utaweza?"

"Nitaweza kueleza."

"Yawa!" Oketch alijishika kichwa. "Wewe utafika mbinguni uombe kuonyeshwa hati ya kiwanja!"

"Si vibaya kuthibitisha," Byron akajibu, bila kutabasamu.

Mzee Ajwang, baba yake Seline, aliwapokea vizuri. Waliandaliwa kuku na ugali, wakala wakashiba. Seline alikuwa ameketi karibu na mlango pamoja na shangazi yake, Mama Debra. Hapo ndipo macho ya Oketch yalipoangukia kitu nyuma ya mlango: begi la Seline, limejaa, limefungwa zipu, na viatu vyake vya safari vimewekwa juu yake. Moyo wa Oketch ukaruka kama samaki ndani ya mtumbwi. Kumbe mke alikuwa tayari kurudi! Lilikuwa limebaki neno moja tu.

"Mkwe," Mzee Ajwang akaanza, "mtoto huyu amelia hapa hadi tukaogopa. Tunakusikiliza."

Byron akakohoa kidogo. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Oketch akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, nina hoja sita. Kwanza, mtungi ulikuwa na ufa wa sentimita thelathini na moja..."

Oketch akamkanyaga chini ya meza.

"Bwana Oketch, mbona unanikanyaga?"

Mama Debra akaficha uso ndani ya leso, mabega yakimtikisika.

"Ganzi, ndugu yangu," Oketch akasema, jasho likimtiririka. "Mguu umeshikwa na ganzi."

Byron akaendelea. Mtungi ulikuwa haujatiwa maji kwa miaka minne. Mende walikuwa wameufanya maskani. Mitungi mizima ilikuwepo tele sokoni, na alikuwa tayari kumnunulia Seline miwili. Kila hoja ilipotua, Mzee Ajwang aliitikia kwa kichwa, akisema, "Ni kweli." Hadi hoja ya sita, yote yalikuwa kweli tupu.

"Byron," Seline akasema polepole, "nina swali moja. Siku ile ulipoubeba kuutoa nje, ulinifikiria hata kidogo?"

Oketch akamkodolea macho mwenzake, midomo yake ikichora bila sauti: po-le, po-le.

Byron akafikiri kwa makini. Hakuwahi kusema uongo maishani.

"Hapana," akajibu. "Wewe hukuwepo."

Seline hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua viatu vyake na begi, akaingia chumba cha ndani. Wote wakasikia zipu ikifunguliwa.

Mzee Ajwang akasimama, akampa Byron mkono. "Mkwe, umetushinda. Hoja zako zote sita ni kweli. Rudi nazo nyumbani zikupikie."

Njia nzima hadi Kisumu Byron alikuwa akiipitia karatasi yake. "Bwana Oketch, nionyeshe basi, ni hoja ipi niliyokosea?"

"Hata moja," Oketch akasema, amechoka kama aliyebeba magunia. "Hiyo ndiyo taabu yako."

Alimfikisha Byron hadi ndani ya nyumba yake. Byron akafungua bomba la ile ndoo, akamkingia mgeni wake maji, kisha akajikingia na yeye. Ndoo ilikuwa nzima, haivuji hata tone. Jiko lilikuwa baridi, na kwenye kona ya mtungi palibaki duara la vumbi. Byron akalitazama kwa muda mrefu.

"Ningesema tu pole?" akauliza.

Oketch akaweka kikombe chini, akaenda zake kushona viatu vya watu. Ama kweli, akili nyingi huondoa maarifa.