Askari wa Maziwa ya Bi Swala

Mwaka huo mvua iligoma kabisa, na vumbi likaleta kikohozi porini. Mtoto wa Bi Swala, mwenye siku ishirini tu duniani, akakohoa mpaka miguu ikamlegea. Ndiye pekee aliyembakia, na Bi Swala alichanganyikiwa kwa hofu.

Fisi akaja kutoa pole. Penye ugonjwa yeye hakosi.

"Pole, dada yangu. Usimnyonyeshe huyo! Mtoto akiugua, maziwa ya mama huharibika. Yakamulie kwenye kibuyu hiki, mimi nitakwenda kuyamwaga mbali."

Mama na bibi wa Bi Swala walikuwa wakisema vivyo hivyo, basi akakamua. Mtoto akapewa maji ya majani. Kwa siku tatu alizidi kukonda, na Fisi akazidi kunenepa.

Sungura alipopita akashangaa. "Bi Swala, mbona mtoto yuko taabani na kiwele chako kimejaa?"

Akaelezwa. Akacheka, kisha akakasirika. "Dada, maziwa yako yana askari! Mtoto akiugua wanaongezeka, waende kumpigania. Nawe unawafungia kibuyuni?"

Bi Swala akaelewa kosa lake. Alikuwa amemnyima mwanawe walinzi wake, tena kwa hiari yake.

Fisi akatokea, kibuyu begani.

"Bwana Fisi," Sungura akauliza, "maziwa unayamwaga wapi?"

"Mbali! Ng'ambo ya kilima."

"Afadhali. Maana askari wale wakiingia tumboni wasimkute mgonjwa, huanza kumsaka mwizi."

Hapo Sungura alitia chumvi, lakini tumbo la Fisi, lililoshindiliwa maziwa ya siku tatu, likanguruma papo hapo.

"Haya, wameshafika," Sungura akasema kwa upole.

"Waambie watoke!" Fisi akalia. "Nilikunywa kidogo tu! Asubuhi na jioni! Na mchana, mara mojamoja!"

Akatupa kibuyu, akatimua mbio akiwaomba radhi askari njia nzima.

Bi Swala hakumtazama. Alimsogeza mwanawe kiweleni. Mtoto akanyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Siku ya nne ya kunyonya akasimama mwenyewe, akampiga mama teke.

Tangu hapo, mtoto akiugua porini, mama humnyonyesha zaidi. Na anayekuja kujitolea kumwaga maziwa huambiwa kwanza apanue kinywa, anuswe.