Sultani Aliyeona Nia za Watu

Palikuwa na sultani, jina lake Shangama, aliyejigamba kwamba ana jicho la kuona nia ndani ya moyo wa mtu. Jicho hilo alilipata wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza, maana hata nia ya kuuliza ilikuwa na viboko vyake. Akapiga mbiu ya mgambo mji mzima: anayenuia, ametenda.

Ikawa balaa. Mzee mmoja alipiga mwayo barazani, akachapwa kwa kosa la kulala mbele ya sultani. Mpishi alimkazia macho kuku wa jirani, akafungwa kwa kumla, na kuku mwenyewe yuko uani anaparura. Kijana mmoja alimtazama binti wa waziri, akaozeshwa palepale. Huyo peke yake ndiye aliyeisifu sheria.

Sasa, mjini humo aliishi kinyozi fukara aitwaye Feruzi, mwepesi wa mkono, na wa mdomo zaidi. Kila akitoka, mkewe Mwanatumu humwambia, "Bwana, nenda na mkono, mdomo uache nyumbani." Asikie wapi!

Alhamisi moja Feruzi alikuwa njiani kwenda kumnyoa mtoto mchanga. Jua kali. Akasimama kivulini, kando ya ukuta wa bustani ya sultani, aunoe wembe wake. Juu yake fenesi bivu limening'inia nje ya ukuta, linanukia njia nzima. Akainua kichwa kulitazama. Alipokishusha, askari wamemshika huku na huku.

Wakamfikisha barazani.

"Kinyozi," akasema Sultani Shangama, "ulikuwa na wembe mkononi?"

"Nilikuwa nao, Maulana. Kinyozi asiye na wembe ni mpita njia."

"Na fenesi langu lilikuwa juu yako?"

"Lilikuwa juu yangu. Laiti lingeniangukia, leo tungekuwa tunalishitaki lenyewe."

"Usinifanyie mzaha! Ulilitazama?"

"Liliniita kwa harufu, Maulana. Ningekuwa mkosa adabu nisipoitika."

"Na mate ulimeza?"

"Nilimeza. Lakini yalikuwa yangu mwenyewe."

Watu wakainamisha vichwa, wakificha vicheko kwenye mikono ya kanzu. Sultani hakucheka.

"Wembe mkononi, fenesi kichwani, mate kooni! Nia gani nyingine hiyo kama si wizi?"

"Ilikuwa hamu tu, Maulana. Hamu ni ya tumbo, nia ni ya moyo. Na tumbo langu halijawahi kuniuliza kabla ya kunguruma."

Kadhi, mtu mpole, akajitutumua. "Maulana, kweli hiyo. Kutamani ni jambo moja, kuwaza ni jingine, na kukusudia ni jingine kabisa..."

"Kadhi," akasema Sultani, "naona moyoni mwako nia ya kunibishia."

Kadhi akakohoa, akakumbuka ghafla kwamba hakuwa na neno.

"Mwizi akatwe mkono," akahukumu Sultani. "Kesho, baada ya sala ya Ijumaa."

Waziri akanong'ona, "Kwa nini tungoje, Maulana? Panga lipo."

"Na nani ataninyoa kesho asubuhi, wewe? Vinyozi wengine wakiniona tu wanatetemeka, wananiacha na michirizi kama paka amenipitia. Aninyoe kwanza, kisha akatwe."

Jamani! Mwanatumu alilia mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu mkono ule ndio uliokuwa chakula chao. Na mimi ninayesimulia nasema wazi: sultani yule alikuwa hana haya hata chembe.

Ijumaa asubuhi Feruzi akaja na mkoba wake. Baraza limejaa: waziri, kadhi, askari na watu wa mjini waliokuja kutazama. Akampaka Sultani povu, akamnyoa kichwa, akamnyoa mashavu, akamwinua kidevu. Wembe ulipofika kwenye kikoromeo, ukasimama.

"Maulana," akasema Feruzi taratibu, "lile jicho lako la kuona nia, leo liko kazini?"

"Liko kazini siku zote," akajibu Sultani kwa mdomo uliofungwa nusu.

"Basi litazame vizuri. Wembe uko mkononi mwangu. Chini yake iko shingo ya mtu aliyeamuru mkono huu ukatwe." Akameza mate kwa sauti. "Na nadhani umenisikia nikimeza mate."

Sultani naye alitaka kumeza mate. Akaona bora yangoje. Barazani hakuna askari aliyesogea, maana nani amshitue kinyozi akiwa pale?

Feruzi akamaliza kunyoa, swafi, bila mchirizi wala tone la damu. Akamfuta Sultani povu, akaukunja wembe, akautia mkobani.

Wembe ulipotoweka tu, Sultani akaruka kutoka kitini, macho mekundu.

"Mmeshuhudia! Huyu alinuia kuniua! Nimeiona nia yake waziwazi kama ninavyowaona ninyi!"

"Una hakika, Maulana?" akauliza Feruzi. "Isije ikawa ilikuwa hamu tu."

"Hamu gani! Ilikuwa nia, nia kamili! Au jicho langu ni kipofu?"

"Haiwezekani, Maulana. Na sheria ya mji huu inasemaje?"

"Anayenuia ametenda!" akanguruma Sultani. "Askari, mkateni kichwa!"

Askari wakachomoa mapanga. Feruzi hakurudi nyuma hata hatua. Akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyefika matangani, akawageukia.

"Poleni sana kwa msiba, ndugu zangu. Kumbe nimeshamuua Sultani, na kasema mwenyewe. Lakini niambieni, tangu lini marehemu akatoa amri?"