Firigisi ya Bi Eliwaza

Sogeeni, nina kesi na sitaki kuibeba peke yangu.

Huko Usangi, Nakijwa, mke wa Anaeli, alijaliwa sikio. Mzee Sifaeli, baba mkwe wake, alijaliwa subira. Tabibu Kiangi wa zahanati hakuona aibu kusema, "Hapa tubadilishe." Na Bi Eliwaza, mke wa Mzee Sifaeli, alijaliwa sauti ya kuongoza kwaya, pamoja na presha iliyopanda juu kuliko sauti yenyewe.

Tabibu akampa vidonge. Presha ikashuka vizuri, ila kikazuka kikohozi kikavu. Kila akianza ubeti, anakohoa. Akanywa tangawizi, akalamba asali, wapi! Akaona heri afe anaimba. Akawa anavificha vidonge chini ya godoro.

Mzee Sifaeli alimpima kila asubuhi na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Namba zikaanza kupanda, zikapanda tena. Hakufoka.

"Mama Anaeli, vidonge unameza?"

Bi Eliwaza akalia.

Nakijwa akaitazama kalenda. "Mama, kikohozi kilianza ulipoanza vidonge. Na siku hizi nasikia kinapungua. Twende kwa tabibu, usiache tu."

Tabibu akawasikiliza. "Hutokea kwa baadhi ya watu," akasema. "Jirani yenu anaimeza dawa hiyo hiyo mwaka wa tano na hakohoi. Tubadilishe." Ya pili ikashusha presha, ikavimbisha miguu hadi viatu vya kwaya vikagoma. Akabadilisha tena. Ya tatu ikamkubali: presha chini, kifua kimya, viatu vikaingia.

Jumapili Bi Eliwaza akaimba beti zote. Mzee Sifaeli akalia kwa furaha kanisani, wala hakutafuta leso.

Nyumbani akachinjwa jogoo, na tabibu akaalikwa. Sasa, jogoo ana firigisi moja.

"Ni ya baba mwenye nyumba," akasema Mzee Sifaeli. "Bila kalenda yangu leo tungekuwa matangani."

"Mgeni je?" tabibu akacheka. "Dawa iliyomkubali nimeitafuta mimi."

Nakijwa akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi nimepika firigisi za nyumba hii miaka tisa. Sijaonja hata moja. Na kikohozi nilikijua mimi."

Wote wakamgeukia Bi Eliwaza, aliyeshika kijiko.

"Jamani, msinipandishe presha!" akasema, akicheka kwa kifua chake chote.

Kijiko bado kiko hewani, mchuzi unadondoka. Haya, nyie mnaosikiliza: firigisi iende sahani ya nani?