Lango la Chemchemi

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Wengi huitamka methali hii wakicheka. Mwanasheria wa wizara hacheki tena.

Chemchemi ilikuwa upande wa nchi yake, karibu kabisa na mpaka. Mwaka mmoja wa ukame, majirani wa ng'ambo waliomba maji ya mifugo yao, wakafunguliwa lango. Mvua zikarudi, lango lisifungwe. Miaka nenda miaka rudi, askari walilifungua kila alfajiri, na hakuna aliyekumbuka kusema kwamba ule ulikuwa wema tu. Siku moja askari alipoteza ufunguo, akachelewa. Majirani wakalalamika, na mkurugenzi wa wizara, mtu asiyependa kuudhi hata nzi, akaamuru waombwe radhi kwa jina la serikali.

"Mzee, tukiomba radhi tutakuwa tumekubali kwamba ni haki yao," mwanasheria alimwonya.

"Binti yangu, radhi haimvunji mtu mfupa," mkurugenzi alijibu, akaagiza chai.

Kisha ukaja ukame mwingine. Chemchemi ikapungua, na bondeni ng'ombe wa mama yake mwanasheria wakaanza kufa kwa kiu. Serikali ikatangaza kulifunga lango. Majirani wakakimbilia mahakama ya mataifa, na mzigo wa kujitetea ukamwangukia mwanasheria. Alisema hapakuwa na mkataba wowote, ila ujirani mwema. Jaji mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlipochelewa kufungua, mliomba radhi," jaji alisema. "Je, wakili, mtu huombwa radhi kwa kucheleweshewa hisani?"

Mwanasheria aligeuka. Nyuma yake, mkurugenzi alikuwa akitazama viatu vyake. Mahakama ikaamua kwamba jambo linalotendwa na nchi mbili kwa muda mrefu, zote zikiliona ni wajibu, huzifunga sawasawa na mkataba. Lango libaki wazi.

Mwanasheria aliporudi, alimkuta mama yake zizini, amechuchumaa kando ya ng'ombe wa mwisho, ambaye hakuweza tena kusimama.

"Mwanangu, kwani yale maji si yetu?"

"Yalikuwa yetu, mama. Tuliwazoesha wenyewe, mpaka yakawa yao pia."

Mama alimfungua ng'ombe kamba shingoni, akaikunja taratibu. Hasira ya mwanasheria haikuwa na wa kumwangukia. Kule juu, askari walikuwa wakifungua lango, tena kwa wakati. Hakika, kawaida ni kama sheria.