Mrija wa Mzee Mukhwana

Paukwa!

Pakawa!

Na nyie wa nyuma, mbona kimya? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, siku ya mwisho ya kuvuna mtama, mtoto alisahauliwa shambani. Jina lake Nasambu, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Khisa, alimlaza kwenye kivuli cha mabua, akaenda kunywa kidogo. Akanywa, akanywa, akalala hukohuko mpaka kesho yake.

Aliyemsikia mtoto akilia ni Mzee Mukhwana. Alimwokota, akampeleka kwa Nangila, dada mkubwa wa Khisa.

Khisa alipokuja kumchukua mwanawe, Nangila alisimama mlangoni.

"Haondoki hapa."

"Dada, nimekosa. Sinywi tena."

"Hayo nimeyasikia. Mavuno yajayo, siku ya pombe, kaa na akili zako mpaka jua lizame. Ukiweza, utamchukua. Ukishindwa, mtoto ni wangu, na hodi yako nisiisikie."

Khisa akaacha pombe. Mvua ikanyesha, hakunywa. Mtama ukachipua, hakunywa. Mtama ukakomaa, hakunywa. Kila jioni alipita kwa dada yake, akacheza na Nasambu uani, kisha akarudi kwake peke yake.

Sasa jueni desturi ya kijiji kile. Pombe ya mavuno ilinywewa kwenye chungu kimoja kikubwa. Wanaume walikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mtu asiye na mrija chunguni alihesabiwa hana jirani. Shamba lake alilima mwenyewe, paa lake aliezeka mwenyewe. Kwa hiyo siku ile Khisa hakuweza kujifungia ndani. Alikaa na wenzake, akaweka mrija mdomoni, akaubana kwa meno, asivute.

Fyo, fyo, fyo! Hiyo ni mirija.

Khisa alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile vizuri, maana siku zote naye alikuwa anavuta. Leo alikuwa na nafasi ya kusikiliza. Kulia kwake Sikuku alivuta: fyo, fyo, fyo. Mbele yake mwenye chungu alivuta: fyo, fyo, fyo. Kushoto kwake Mzee Mukhwana alivuta, mashavu yakaingia ndani, koo likapanda na kushuka.

Kimya.

Khisa akatega sikio. Kimya tena. Akaanza kujiuliza. Mzee huyu hukaa chunguni tangu kinapofunuliwa. Mbona ndiye anayemtoa Sikuku mtaroni? Mbona ndiye anayefukia moto ulioachwa na kukusanya watoto waliosahauliwa? Pombe yake inakwenda wapi?

Mzee aliponyanyuka kwenda nyuma ya ghala, Khisa alimfuata.

"Mzee, mrija wako hauna sauti."

"Leo una masikio."

"Umeufanya nini?"

"Nimeuziba kwa nta ya nyuki."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa mwanangu wa pili. Sasa naye ana wajukuu."

"Si ungekaa nyumbani tu?"

"Nikikaa nyumbani nitajuaje mtoto wa nani ameachwa wapi? Yanasemwa pale chunguni. Na nikisema sinywi, wataona ninawahukumu. Hakuna atakayeniita." Mzee akafungua pindo la nguo yake, akamega nta. "Ziba wako. Meno yatachoka."

Khisa akaziba, wakarudi kuketi. Jua lilikuwa bado juu Nangila alipotokea, Nasambu mgongoni. Akamwona mdogo wake, mashavu yameingia ndani.

"Naam! Nilijua tu! Umeng'ang'ania mrija kama mtoto aliyekuta ziwa la mama!"

"Dada, sijanywa. Mrija umezibwa, tazama!"

"Umeuziba uliponiona ninakuja."

"Muulize Mzee Mukhwana."

"Nimuulize nani? Mlevi amtolee mlevi ushahidi?"

Watu wakacheka. Nangila akageuka kuondoka. Nasambu alimnyooshea baba yake mkono, na mkono ule ukazidi kwenda mbali.

Mzee Mukhwana angeweza kunyamaza. Khisa alimwona akiutazama mrija wake, kisha akiwatazama wenzake mmoja mmoja.

"Nangila, binti yangu, ngoja. Njoo uvute wa kwangu."

Nangila akavuta. Hakikuja kitu. Akavuta mpaka macho yakamtoka. Hakikuja kitu. Mzee akauchomoa, akamwonyesha ncha: nta imekuwa nyeusi, imeganda kama kokwa.

"Sijanywa mimi, hajanywa yeye. Nimekaa ubavuni mwake tangu asubuhi."

Mirija yote ikanyamaza. Kisha Sikuku akapata sauti.

"Mzee! Basi ile siku niliyomsema mama mkwe..."

"Nilisikia."

"Na habari ya yule mbuzi?"

"Nilisikia. Nilimrudisha kwa mwenyewe."

Wengine walicheka, wengine waliinama. Mwenye chungu hakucheka.

"Mrija usiovuta hauna kiti hapa."

Mzee Mukhwana akasimama. Khisa naye akasimama. Wakaenda kukaa kwenye mkeka, mbali na chungu.

Wa kwanza kuja alikuwa mke wa Sikuku, na mtoto mchanga mikononi.

"Mzee, nishikie huyu. Nataka kucheza ngoma, na baba yake mnamwona alivyo."

Akaja mwingine na mapacha. Akaja mwingine. Mkeka ukajaa. Khisa akapakata wawili, wa tatu akamkalia mabegani.

"Kwa Khisa mimi nitakwenda kulima!" Sikuku alipiga kelele kutoka chunguni. "Asipokuwepo yeye na Mzee, nani atanifikisha nyumbani?"

Nangila alikuwa bado amesimama.

"Jua halijazama," alisema. "Utanikuta kwangu."

Jua lilipozama, Khisa akapiga hodi.

"Hema," akasema Nangila.

Khisa akahema: haaa!

"Tena."

Haaa!

Nangila akanusa mara ya pili, akaingia ndani, akatoka na Nasambu.

Wazee wa pale wanamtaja Mzee Mukhwana hadi leo. Ukiwauliza aliwafundisha nini, husema hivi: mtoto akilia, lazima awepo mmoja wa kumsikia, na kama wewe ndiye mzazi, mmoja huyo ni wewe.

Hadithi yangu inakomea kwa Khisa. Aliingia na mwanawe mgongoni, akafunga mlango.