Mbwa Aliyefichwa Kwenye Pamba

Mwezi wa kuvuna pamba, kijiji cha Sapiwi hugeuka kama ndoto. Uani, vyumbani, hata chini ya vitanda ni weupe mtupu, na nyuzi huelea hewani kana kwamba hazitaki kutua. Katika weupe huo Kwandu alimficha mbwa wake, Waseme, jina alilompa ili kuwajibu majirani wambea.

"Mwadila, mayu," Elina alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. Alikuwa daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa na kuwafunga uzazi majike. "Mbwa yuko wapi?"

"Amefuata ng'ombe malishoni."

Uongo mtupu! Waseme alikuwa chumbani, amefunikwa pamba hadi shingoni. Kwandu alimpenda kama mboni ya jicho lake. Hakuweza kuvumilia kumsikia akilia kwa sindano, sembuse kisu. Tena aliamini kwamba jike akifungwa uzazi husahau kumbwekea fisi.

Masika, Waseme akazaa saba. Mmoja alichukuliwa na dada yake Kwandu kule Ngulyati. Waliobaki wakatawanyika magulioni, hawana mwenyewe. Pamba ilipokomaa tena, Waseme akaanza kutangatanga, udenda ukimtoka, hamjui aliyemlea. Mchana mmoja akamng'ata mguuni Scola, mjukuu wa pekee wa Kwandu.

Maskini Kwandu! Dunia ilielea machoni pake kama zile nyuzi. Akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha jirani akawapakia kwenye pikipiki hadi hospitali, Bariadi. Waseme alifungiwa katika zizi la ndama, akafa siku ya tatu.

Scola alichomwa sindano, akarudishwa tena na tena kwa tarehe alizopangiwa. Kila alipopiga kelele, "Bibi, basi!" Kwandu alimshika mikono, akalia kuliko yeye. Usiku hakulala, akihesabu pumzi za mtoto.

Mungu si Athumani, Scola akapona. Elina aliporudi, Kwandu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amempakata binti wa Waseme, yule aliyekwenda mwenyewe kumchukua kwa dada yake Ngulyati.

"Mayu, atalia kidogo," Elina alimwonya.

"Na alie, mwanangu. Mimi nimekwisha kulia."

Mbwa akalia kweli. Kwandu hakumwachia, alimshika vilevile alivyokuwa akimshika Scola, nyuzi za pamba zikitua taratibu juu ya mikono yake. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.